Kuuza huduma ya ulinzi wa data kwa wenye tovuti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wa aina mbili. Wapo vijana wanaotaka kuanza kazi kama yetu, na wapo wateja waliotuona matapeli siku za mwanzo, wakaja kutuambia baadaye. Tuko Mombasa. Tunawasaidia wenye tovuti, yaani hoteli ndogo, shule, zahanati na maduka ya mtandaoni, kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Majibu ni marefu pale tulipowahi kuumia.

Kwa nini mwenye tovuti ananiona tapeli kabla sijamaliza kujitambulisha?

Kwa sababu wewe ni wa nne wiki hii. Wa kwanza alimwandikia kwamba jina la tovuti yake linaisha muda kesho, atume dola haraka. Wa pili alimwahidi ukurasa wa kwanza wa Google. Wa tatu alimletea ankara ya kazi ambayo hakuiagiza. Halafu unatokea wewe: "Tovuti yako inavunja sheria, nilipe nikutengenezee." Wimbo ni uleule: hatari, haraka, hela.

Isitoshe, tunachouza hakionekani. Fundi bomba akimaliza, maji yanatoka. Sisi tukimaliza kazi vizuri, hakuna kinachotokea: hakuna malalamiko, hakuna barua ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, msimamizi wa sheria hiyo. Mteja atajuaje kwamba kimya hicho umekileta wewe, na kwamba kisingekuwepo bila wewe?

Na wapo waliotuharibia soko kabla hatujafika. Tarehe 20 Januari 2022 mahakama moja ya Munich, Ujerumani, ilimwamuru mwenye tovuti kumlipa mgeni wake yuro 100, kwa kuwa tovuti ilivuta fonti, yaani maumbo ya herufi zake, kutoka kwenye seva za Google na kwa kufanya hivyo ikaipeleka huko anwani ya IP ya mgeni, namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, bila idhini. Hukumu yenyewe ilikuwa na hoja. Kilichofuata ndicho cha aibu: maelfu ya wenye tovuti Wajerumani walianza kupokea barua za madai ya pesa, zote za sampuli moja, na mwezi Desemba 2022 waendesha mashtaka wa Berlin wakafanya upekuzi wakishuku kwamba "wageni" hao walikuwa programu iliyotumwa kuzunguka tovuti. Tangu hapo, kila anayemwandikia mtu kumwonyesha kosa kwenye tovuti yake anabeba harufu ya barua zile. Hata huku kwetu, ambako wengi hawajazisikia, harufu ni hiyohiyo.

Nikianza na faini, si ndiyo njia ya kumwamsha?

Atashtuka, kisha atakufungia mlango. Najua kwa sababu nilijaribu.

Mwaka wetu wa kwanza niliandika barua pepe moja na kuituma kwa hoteli na nyumba za wageni zaidi ya mia kati ya Kilifi na Diani. Anwani nilizichuma kwenye tovuti zao. Kichwa kilikuwa na herufi kubwa tupu: FAINI YA MILIONI 5. Walijibu watatu. Mmoja alitukana. Wa pili aliuliza kama mimi ni mtu wa serikali, na hapo ndipo nilipopaswa kujua kwamba barua yangu ilikuwa na kasoro. Wa tatu, mama mmoja mwenye vyumba sita, aliandika mstari mmoja: "Mwanangu, anwani hii umeipata wapi, na nani amekuruhusu kuitumia?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikimuuzia ulinzi wa data kwa kutumia data yake bila idhini.

Kosa la pili lilikuwa kwenye hesabu. Sheria inasema faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa biashara, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, na kinachotozwa hakipiti kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Hicho kipande cha mwisho ndicho wauzaji wengi hukimeza. Nyumba ya wageni yenye mauzo ya shilingi milioni 3 kwa mwaka, asilimia yake moja ni shilingi 30,000. Milioni 5 ni ya mwenye mauzo ya milioni 500 kwenda juu. Mteja akiisoma sheria mwenyewe (na mhasibu wake ataisoma) atagundua ulimwongopea mara 166.

Sasa, usiende upande wa pili ukasema hakuna hatari. Faini si mwisho wa habari: aliyeumizwa anaweza kudai fidia, na sheria ina makosa ya jinai pia. Yaseme hayo hivyohivyo, kwa kiwango chake. Mteja aliyeambiwa "kwako faini ni ndogo, ila fidia na jina lako mjini ndivyo vya kuangalia" anakaa chini kukusikiliza, maana ni mara ya kwanza anamsikia muuzaji akipunguza.

Basi nitoe mifano gani?

Mifano inayofanana naye, iliyo hadharani, na useme kilichofanyika bila kutia chumvi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini tatu kwa mpigo. Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera Lounge ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake kwenye mitandao ya kijamii bila ruhusa. Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, walitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu walizozipata kwa wengine, wakawatumia ujumbe wa vitisho.

Ukienda shuleni, zungumza habari ya shule. Mkuu wa shule mwenye picha za sherehe ya kufunga mwaka kwenye ukurasa wa mbele hahitaji kuhutubiwa. Atafungua tovuti yake mwenyewe mbele yako. Ukimpa mfano wa kampuni ya simu ya kimataifa, atakuambia hayo ni ya wakubwa.

Naweza kununua orodha ya barua pepe au nambari za WhatsApp?

Hapana. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo unayoiuza kinahusu matumizi ya data ya watu kwa biashara, na kinataka idhini ya wazi. Zaidi ya hapo, biashara ambayo kazi yake kuu ni kuwatafuta watu moja kwa moja kwa matangazo iko kwenye orodha ya wanaolazimika kujisajili kwa Kamishna hata kama ni ya mtu mmoja na kompyuta yake.

Sasa wateja wa kwanza watatoka wapi?

Kwetu walitoka kwa mafundi wa tovuti na wahasibu. Fundi aliyemjengea mtu tovuti ana kitu ambacho wewe huna: mwenye tovuti huchukua simu yake. Na fundi ana shida yake pia, kwa sababu mteja humuuliza "hii sera ya faragha niandike nini?" naye huenda akanakili ya tovuti ya Marekani, yenye kutaja sheria ya California, akaibandika kwa duka la viatu la Thika. Msaidie fundi bure mara moja. Mwandikie sera ya mteja mmoja, mweleze kila aya ipo kwa nini. Usimpe kamisheni ya siri. Kama kuna kamisheni, mteja aijue, kwa sababu siku atakapoijua kwa njia nyingine mtakuwa mmepotea wote wawili.

Ukiwa huna anayekutambulisha na unamwendea mtu mgeni, nenda na jambo moja uliloliona kwenye tovuti yake, si ripoti ya kurasa arobaini iliyotemwa na programu. Kwa mfano: "Fomu yenu ya kuweka nafasi inaomba picha ya pasipoti, na hakuna mahali inapoeleza mtakaa nayo muda gani." Sentensi kama hiyo haiwezi kutumwa kwa watu mia. Mpokeaji anajua umekaa ukaangalia.

Tahadhari: angalia kile ambacho mgeni yeyote angekiona, basi. Usijaribu nywila, usichokonoe anwani za kurasa zilizofichwa, usijaribu "kuonyesha udhaifu". Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hakuna kati ya hizo inayojali kwamba nia yako ilikuwa kutafuta mteja.

Tovuti yangu mwenyewe iweje?

Mganga hajigangi, wanasema, lakini katika kazi hii mganga asiyejiganga hapati mgonjwa. Mteja makini atafungua tovuti yako kabla hajakujibu. Akikuta fomu ya mawasiliano inayomwingiza kwenye orodha ya matangazo bila kumuuliza, vifuatiliaji vya Facebook vinavyoanza kazi kabla hajabofya chochote, na sera ya faragha yenye jina la kampuni nyingine iliyosahaulika katikati (tumeyaona haya kwa washindani, na mara moja, tuseme ukweli, kwetu), basi mazungumzo yameishia hapo.

Jipime hivi. Fungua tovuti yako kwenye dirisha la faragha la kivinjari na uangalie ni seva gani za nje zinaitwa kabla ya kubofya "nakubali". Soma sera yako kwa sauti na ujiulize kama kila inachosema unakifanya kweli. Jiandikie barua kama mgeni ukiomba nakala ya data yako, uone ofisini inachukua siku ngapi. Kanuni za Kenya zinakupa siku 7. Kama umesajiliwa kwa Kamishna, weka nambari ya cheti chako na umwambie msomaji aihakikishe kwenye rejista ya Ofisi hiyo. Nambari inayoweza kuhakikishwa ina uzito kuliko picha kumi za watu wenye suti wakipeana mikono.

Halafu jina na sura. Wengi wetu tunajificha nyuma ya neno "timu yetu". Kama uko peke yako, andika uko peke yako, weka jina lako, mtaa ilipo ofisi, na simu inayopokelewa.

Naweza kuahidi kwamba tovuti ya mteja itafuata sheria kwa asilimia mia?

Usithubutu, na kuna kampuni iliyolipa ili wewe usome bure. accessiBe ilikuwa ikiuza kipande cha programu unachokibandika kwenye tovuti, ikidai kwamba akili bandia yake ingeifanya tovuti yoyote ifikie miongozo ya WCAG, ile inayohusu tovuti kutumika na watu wenye ulemavu. Watumiaji vipofu walilalamika miaka kadhaa kwamba kwao programu hiyo ilikuwa kikwazo kingine juu ya vikwazo. Mwaka 2021 shirikisho la kitaifa la vipofu la Marekani liliikosoa hadharani. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza kwamba kampuni italipa dola milioni 1 kumaliza madai kwamba iliwadanganya wateja kuhusu uwezo wa bidhaa yake, na kwamba makala na tathmini zilizoonekana za watu huru zilikuwa na mkono wake ndani.

Angalia wateja walionunua ni nani: wenye tovuti ndogo waliotaka kulala usingizi. Waliambiwa mstari mmoja wa msimbo wa programu unamaliza tatizo. Hiyo ndiyo ahadi inayouzika kuliko zote katika biashara yetu, na ndiyo ya kwanza kupasuka.

Sisi tumeacha kabisa kuandika "utafuata sheria". Tunaandika tutakachofanya: tutaorodhesha data zote zinazokusanywa na tovuti yako na zinakoenda, tutaandika sera inayolingana na orodha hiyo, tutarekebisha fomu hizi tatu, tutamfundisha mpokea wageni wako la kufanya mtu akiomba data yake ifutwe. Chini yake tunaandika tusichofanya: hatukagui kompyuta za ofisini, hatukagui kamera za ulinzi, na fundi wako akiongeza plagini (programu ndogo ya nyongeza) mpya kesho bila kutuambia, orodha yetu imeshapitwa. Niliogopa kwamba sehemu hiyo ya pili ingewafukuza watu. Badala yake ndiyo wanayoisoma kwanza, na ndiyo inayozaa maswali ya maana.

Ushuhuda wa wateja unasaidia?

Unasaidia ukiwa wa kweli, ukiwa na jina, na ukiwa umeombwa kwa maandishi. Ushuhuda wa "Bi. J., mfanyabiashara, Nairobi" hauna maana, kila msomaji anajua anayeweza kuuandika. Wa kununua ndio ule wa accessiBe niliokutajia hapo juu.

Ugumu wetu ni kwamba wateja wengi hawataki ijulikane waliwahi kuhitaji msaada. Hilo ni haki yao. Tulichofanya ni kueleza kazi bila kumtaja mtu: shule ya aina gani, tulikuta nini, tulibadilisha nini, ilichukua wiki ngapi, na nini kilitushinda. Hicho kipengele cha mwisho usikiache. Na kama unapiga picha siku ya mafunzo kwa wafanyakazi wa mteja, omba idhini ya kila aliyemo kabla ya kuiweka mtandaoni. Itakuwa kichekesho cha mwaka ukishtakiwa wewe kwa kosa la Casa Vera.

Je, nimpe mteja muhuri wa kubandika kwenye tovuti, "Imekaguliwa na sisi"?

Fikiria TRUSTe kwanza. Hii ilikuwa kampuni ya Marekani iliyotoa mihuri ya faragha kwa tovuti, na watu waliitegemea. Novemba 2014 FTC ilieleza kwamba katika visa zaidi ya 1,000 kati ya 2006 na 2013, kampuni ilikuwa imeacha kuzikagua tena tovuti kila mwaka kama ilivyodai, huku mihuri ikiendelea kung'aa. Ilikubali kulipa dola 200,000. Kwa kampuni iliyouza imani, pesa hizo zilikuwa sehemu ndogo ya hasara.

Muhuri ni ahadi inayoendelea kutolewa usiku ukiwa umelala. Ukitaka kuutoa, uwe na tarehe ya ukaguzi, ukibofywa ufungue ukurasa wako unaoeleza kilichokaguliwa, na ujifute wenyewe muda ukiisha. Kama huwezi kuusimamia hivyo, acha. Sisi hatutoi.

Nembo ya taifa, au maneno "mshirika wa Kamishna", vipi?

Nembo ya taifa haitumiki kibiashara bila kibali. Ipo sheria ya bendera na nembo inayokataza. Na kusajiliwa na Ofisi ya Kamishna hakumaanishi Ofisi imekuidhinisha kuwa mshauri. Kila shule na hospitali iliyosajiliwa ina cheti kama chako. Ukiulizwa kama wewe ni wa serikali, jibu "hapana" kabla ya neno lingine lolote.

Mimi si wakili. Nitaaminika?

Ndiyo, ukisema mapema kwamba si wakili. Sehemu kubwa ya kazi hii si ya mahakamani: ni kujua data inapita wapi, nani ana nywila, nakala za pasipoti ziko kwenye simu ya nani. Wakili mzuri mara nyingi hajui kufungua upande wa nyuma wa tovuti, na mtaalamu wa tovuti hajui kusoma kifungu. Tafuta wakili mmoja mwenye leseni ya mwaka huu, mkubaliane kwamba mikataba na malalamiko yaliyofika kwa Kamishna ni yake, na mteja amlipe moja kwa moja. Jina lake liwe kwenye makubaliano yenu, naye aridhie. Usiweke mizani ya haki kwenye nembo yako, na usijiite "mshauri wa sheria" ukitumaini watu watasikia "wakili".

Bei niiwekeje isionekane ya kubahatisha?

Tenganisha ada ya serikali na ya kwako, mstari kwa mstari. Kanuni za usajili za 2021, zilizoanza kutumika 14 Julai 2022, zinasema wazi: biashara ndogo yenye wafanyakazi hadi 50 na mauzo hadi milioni 5 inalipa shilingi 4,000 kujisajili, ya kati 16,000, kubwa 40,000. Cheti kinadumu miezi 24, na ada ya kuhuisha ni 2,000, 9,000 na 25,000. Mteja akiona umemtoza 60,000 kwa "usajili", kisha shemeji yake akamwambia serikali inachukua 4,000, hatakumbuka kwamba 56,000 zilikuwa za kazi halali ya wiki mbili. Atakumbuka umemwibia.

Ada ya serikali alipe mwenyewe, kwa jina lake. Pesa hiyo isipite kwenye simu yako.

Nikigundua mteja hahitaji kusajiliwa, nimwambie?

Mwambie siku hiyohiyo. Mwenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujisajili, isipokuwa yuko kwenye shughuli zilizotajwa, kama shule, afya, hoteli, huduma za fedha, kamari, usimamizi wa nyumba na uuzaji wa viwanja, au usafiri. Lakini mweleze kwamba kilichoondolewa ni usajili tu, sheria nzima bado inamhusu. Fundi cherehani mmoja wa Likoni tulimwambia aende na pesa zake, tukampa aya tatu za sera bila malipo. Sitadai kwamba alituletea wateja kumi. Alituletea mmoja, dada yake mwenye zahanati.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Makubaliano ya kazi, lugha anayoichagua mteja. Lakini maneno yatakayosomwa na wageni wa tovuti yake, mpe kwa Kiswahili pia kama wateja wake ni wa Kiswahili, kwa sababu idhini ya mtu ambaye hakuelewa alichokubali ni idhini ya mashaka.

Hapa ndipo utakapojitofautisha, maana sera nyingi za Kiswahili tunazokutana nazo zimepitishwa kwenye mashine ya kutafsiri na hazisomeki. "Tunaweza kushiriki taarifa zako na wahusika wa tatu" ni maneno ambayo hakuna mtu wa Kongowea atakayeyatambua. Andika: "Jina na simu yako tunampa mwenye pikipiki anayekuletea mzigo. Hatumpi mtu mwingine." Neno "vidakuzi" lipo, tunalitumia, lakini eleza mara moja kwamba ni alama ndogo ambayo tovuti inaiacha kwenye simu yako ili ikukumbuke ukirudi. Na ukivuka mpaka badilisha istilahi: Kenya watu wanasema data, Tanzania sheria inasema taarifa binafsi, na anayezikusanya huitwa mkusanyaji. Mtanzania akiona umeandika kwa maneno ya Nairobi atajua umenakili.

Mteja ana biashara Tanzania pia, au wageni wake ni wa Ulaya. Nichukue kazi?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Usajili wake ni tofauti na wa Kenya, na cheti cha Nairobi hakivuki mpaka wa Horohoro. Uganda ina sheria yake ya 2019, Rwanda ya 2021. Kama hujawahi kuzifanyia kazi, sema, na umtafute aliye huko.

Kuhusu Ulaya, wauzaji wengi wanawatisha wenye hoteli kwamba Mjerumani mmoja akifungua tovuti yao tayari wamo ndani ya GDPR, sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya. Si hivyo. Kufunguliwa tu hakutoshi. Kinachoangaliwa ni kama biashara inawalenga watu walioko Ulaya, kwa mfano kwa kuweka bei za yuro, kurasa za Kijerumani na matangazo yanayolipiwa huko, au kama inafuatilia mienendo yao. Hoteli ya Watamu yenye kurasa za Kiitaliano ina la kujibu. Kibanda cha chipsi chenye tovuti hakina.

Nimuuzie bango la vidakuzi, lile la "nakubali" na "kataa"? Ndilo wanaloliomba.

Muuzie likifanya kazi. Mabango mengi ni mapambo: unabofya "kataa" na vifuatiliaji vinaendelea kama kawaida. Wakubwa nao hunaswa. Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa kuwa kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Mara nyingi ushauri wetu ni kuondoa vifuatiliaji ambavyo mteja hajawahi hata kusoma takwimu zake. Bango linapungua, tovuti inafunguka haraka, nasi tunapoteza mauzo madogo.

Data za mteja zikivuja, jina langu si limekwisha?

Inategemea unafanya nini saa za mwanzo. Kenya, mwenye tovuti ana saa 72 tangu ajue kumjulisha Kamishna, pale panapokuwa na hatari ya kweli kwa wahusika. Saa hizo ni chache mno kuanza kutafutana. Kwenye makubaliano yetu kuna ukurasa mmoja, mkubwa, wa kubandika ukutani: nani anapigiwa kwanza, nani anafunga tovuti, nani anaandika taarifa, nani anazungumza na wateja.

Mara moja ilitutokea, usiku wa Ijumaa. Simu ilikuwa ya mhasibu wa mteja, si ya mteja mwenyewe. Nilikwenda na kompyuta yangu, tukakaa hadi alfajiri tukihesabu ni taarifa za wageni gani waliokuwa wameweka nafasi zilizofunguliwa. Tundu mojawapo lilikuwa kwenye fomu tuliyoikagua sisi miezi mitano nyuma. Niliiandika hivyo kwenye taarifa, kwa jina la kampuni yetu, na kazi ya usiku ule sikuitoza. Mkataba wao na sisi uliisha Machi. Walihuisha, lakini sasa ukaguzi ni kila miezi mitatu, na wameandika kipengele kwamba tukikosa mmoja hawalipi.